Redio ya babu inaanza na volti 238 halafu inashuka: usikimbilie kubadili rektifaya

"Fundi shikamoo. Nina redio ya marehemu babu, ya valvu, kabati la mbao. Valvu zimeandikwa ECH81, EF89, EABC80, EL84, EM80 na EZ80. Ilikaa stoo hapa Tanga miaka mingi, mwaka huu nimeitoa nikaifuta vumbi nikaiwasha. Inaimba, ila inavuma mmmm hata nikifunga sauti yote, na ikifika kama dakika 20 sauti inakuwa nzito, inakwaruza, na transfoma inachemka siwezi kuweka mkono. Mchoro uliobandikwa ndani unasema 250 V baada ya rektifaya. Mimi napata 238 ikianza kuimba, ikishachemka inashuka mpaka 205. Baada ya rezista ya 1.2 k, kwenye kapasita ya pili, ni 172. Pini ya 3 ya EL84 ina 11 V na rezista yake imeandikwa ohm 150. Filamenti 6.4 V AC. Umeme wa nyumbani 228, redio imewekwa kwenye 220. Fundi mmoja kasema EZ80 imekufa, niweke dayodi mbili za 1N4007 na kapasita kubwa ya 470. Mwingine kasema nihamishe kile kichaguzi cha nyuma kutoka 220 kiende 200, volteji itapanda. Nimfuate nani? Na lile jicho la kijani la kuonyesha stesheni limefifia sana, ni tatizo hilohilo?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera, maana wengi wananiandikia "redio ya babu haiimbi vizuri nifanyeje", basi, wanaishia hapo. Wewe umeleta namba, na kwenye hizo namba ugonjwa umeshajitaja wenyewe, bado kuusoma tu. Jibu la haraka: usimfuate hata mmoja. EZ80 yako, yaani ile valvu ya rektifaya inayogeuza AC kuwa DC, kuna uwezekano mkubwa ni nzima, kinachokusumbua naona ni kapasita mbili, moja ndogo ya bei ya soda na nyingine kubwa kubwa kidogo, na ile ndogo ndo inayoshusha volteji na kuchemsha transfoma. Na redio usiiwashe tena kwanza, hata kwa dakika tano za kumuonyesha jirani, kwa sababu kapasita unaipata popote ila transfoma ile ikiungua ndo utaanza kuzunguka mji mzima.

Halafu usalama, hapa naomba usiruke. Ndani ya redio hiyo kuna volti zaidi ya 200 za DC, na DC ya namna hiyo ikikushika haina masihara. Ukichomoa plagi bado kapasita zinaweza kubaki na chaji, kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote chukua rezista ya kama kilo-ohm 2.2 ya wati 5 au zaidi, ishike kwa klipu zenye mpira, iunganishe kati ya chanya ya kapasita na chasisi, lile bati la chuma lililobeba valvu, uhesabu mpaka kumi, kisha thibitisha kwa mita kwamba imeshuka karibu na sifuri. Usitumie bisibisi kupiga shoti, inalia kama bunduki na inaharibu kapasita. Unapopima redio ikiwa inawaka, klipu nyeusi ibane kwenye chasisi, mkono mmoja uwe mfukoni, mwingine ndo ushike ncha nyekundu. Na usisimame pekupeku kwenye sakafu ya simenti. Najua umeshapima hizo zote bila kufanya haya na umepona, sawa, ila bahati hiyo usiizoee.

Sasa tuje kwenye namba. Mchoro unasema 250, wewe ukianza una 238. Hapo watu wengi wanapaniki bure. Michoro ya miaka ya 50 haikuwa amri, ilikuwa makadirio, rezista zenyewe zilitoka kiwandani na tofauti ya asilimia 10 na nyingine 20, na umeme wa nyumbani unapanda unashuka, kwa hiyo 238 badala ya 250 ni tofauti ya asilimia 5 tu, siyo ugonjwa. Ugonjwa ni ile 205. Na siyo 205 yenyewe peke yake, ni kwamba ilianza vizuri ikashuka polepole kadiri joto lilivyopanda. Hilo neno "ikishachemka" uliloandika lina thamani kuliko namba zote.

Filamenti sasa, ule waya wa ndani unaopasha valvu moto. Umepata 6.4 V, na valvu zote zinazoanza na herufi E zinataka 6.3, kwa hiyo uko sawasawa. Kwa nini naitazama hii kwanza? Kwa sababu filamenti na volteji ya juu, ile DC ya 200 na kitu, zinatoka kwenye transfoma moja. Kama umeme wa nyumbani ungekuwa mdogo, ule wa jioni kila mtu anapika na pasi zinawaka, au kama kichaguzi kingekuwa mahali pasipo pake, basi vyote viwili vingeshuka pamoja, ungeona filamenti 5.5 huko. Filamenti ni shahidi wako. Yenyewe ikiwa nzima na volteji ya juu imeanguka, basi achana na ukuta, achana na stabilaiza, tatizo liko ng'ambo ya pili, kuanzia EZ80 kwenda mbele.

Na huko mbele volteji inaanguka kwa sababu mbili tu: ama kuna anayeshindwa kutoa, ama kuna anayenyonya kupita kiasi. Fikiria tenki la maji juu ya paa. Bomba la jikoni likitoka maji kidogo, inaweza kuwa pampu imechoka haijazi tenki, au inaweza kuwa mtu huko uani kaacha bomba wazi anamwagilia bustani. Ukiwa jikoni huwezi kujua, unaona maji madogo tu. EZ80 ni pampu, inasukuma kwa mapigo, mara 100 kwa sekunde, kapasita ya kwanza ndo tenki, na valvu nyingine zote ni mabomba. Fundi wako wa kwanza kaona maji madogo kasema pampu mbovu. Hajaenda uani kuangalia.

Sisi twende uani, tena huna haja ya kukata waya wala kupima ampia, rezista zilizomo ndani ya redio zinatupa jibu, unachukua volteji iliyokatika juu ya rezista unagawa kwa ohm zake. Anza na ile ya 1.2 k. Upande mmoja 205, upande wa pili 172, tofauti ni 33. Gawa 33 kwa 1,200 unapata miliampia 27 na nusu. Hiyo ndo inayokwenda ECH81, EF89, EABC80, jicho la kijani na skrini (gridi ya pili) ya EL84, ile valvu ya mwisho inayosukuma spika, na kwa familia hiyo ya valvu miliampia 25 mpaka 30 ni ya kawaida kabisa. Maana yake upande wote huo hauna hatia, kapasita ya pili nayo haivuji sana, ingevuja ungeona tofauti ya volti 50 au 60 hapo.

Sasa pini ya 3 ya EL84, ndo katodi, mkondo wote wa valvu, wa anodi na wa skrini, unapita hapo. Volti 11 gawa kwa ohm 150, ni miliampia 73. Hapo ndo penyewe. EL84 ikiwa na volti 250, kwa mujibu wa data za walioitengeneza, anodi inakula miliampia 48 na skrini 5 na nusu, jumla kama 54, kwa hiyo kwenye rezista ya 150 ulitakiwa uone volti 7 na nusu mpaka 8. Wewe una 11, tena volteji yako imeshuka, na volteji ikishuka inatakiwa inyonye pungufu, siyo zaidi! Kwa hiyo huyo ndo kaacha bomba wazi. Ukijumlisha anodi yake, kama 65 (73 ukitoa skrini, maana tumeshaihesabu kwenye zile 27), na zile 27 za wengine, EZ80 inabeba miliampia 92 hivi, wakati uwezo wake wa mwisho ni 90. Pampu haijachoka, imezidiwa. Na transfoma inachemka kwa sababu hiyohiyo.

(Kabla hujaniamini moja kwa moja, pima hiyo rezista ya 150 redio ikiwa imezimwa na kapasita zimetolewa chaji. Rezista za katodi zikichomwa miaka mingi huwa zinabadilika. Ikiwa imepanda mpaka 200 basi volti 11 ni miliampia 55 tu na hadithi yangu yote inabadilika. Ila sidhani, kwa sababu transfoma yako isingechemka hivyo.)

Kwa nini EL84 inanyonya? Valvu ya aina hiyo inazuiwa na gridi, pini ya 2. Gridi inatakiwa ikae kwenye volti sifuri, na katodi ikae juu kwenye 7 hivi, kwa hiyo gridi ikiitazama katodi inajiona iko hasi, na huo uhasi ndo breki. Gridi inapokea sauti kutoka kwenye EABC80 kupitia kapasita ndogo, mara nyingi nanofaradi 10 au 22. Upande mmoja wa hiyo kapasita una volti 80 au 90 za anodi ya EABC80, upande mwingine ni gridi yenye sifuri, kazi yake ni kupitisha sauti na kuizuia DC isivuke. Zile za zamani zilikuwa karatasi na foili, zimefungwa kwa nta au lami, na karatasi inakunywa unyevu. Sasa redio imekaa stoo Tanga, pwani, hewa yenyewe unaijua, miaka mingi. Hiyo karatasi imekunywa imeshiba.

Na haihitaji kuvuja sana. Tuseme rezista ya gridi ni kilo-ohm 680, na kapasita imekuwa na uvujaji wa megaohm 10, yaani kwa mita ya kawaida unaiona nzima, pengine mita haionyeshi hata kitu. Weka volti 90 upande wa pili uone: gridi inapata volti 5.7. Breki imelegea sana. Na joto likipanda ndani ya kabati, uvujaji unaongezeka, gridi inapanda zaidi, EL84 inakula zaidi, joto linaongezeka tena, inajizungusha hivyo. Dakika 20 zako ndo hizo. Sauti kukwaruza nayo ni hiyo, valvu haina tena nafasi ya kufuata mawimbi ya sauti pande zote mbili.

Nikwambie ukweli, mimi mwenyewe nilipokuwa naanza niliwahi kubadili EZ80 tatu kwenye redio moja ya mzee wa jirani, kila nikiweka mpya inapanda kidogo nafurahi, baada ya wiki mzee huyo mlangoni na redio kwenye kanga. Zote tatu zilikuwa nzima. Kapasita ya nanofaradi 10. Mzee alikuwa mstaarabu hakusema kitu ila alivyoniangalia mpaka leo nakumbuka.

Ushauri wa dayodi basi. Ungeweka 1N4007 mbili volteji ingepanda kweli, na wewe ungesema fundi ametibu. Lakini EL84 ingepata zaidi ya kunyonya, transfoma ingechemka haraka kuliko mwanzo. Halafu EZ80 ina ustaarabu wake, inapata moto taratibu pamoja na wenzake, volteji inapanda wakati wanaoitumia wapo tayari. Dayodi inatoa papo hapo valvu zote zikiwa baridi, hakuna anayekula, na transfoma ya volti 250 kila upande inajaza kapasita mpaka kwenye kilele, volti 350 na kitu. Kapasita nyingi za redio hizo zimeandikwa 350. Utasikia pah! Na ile 470 ndo kabisa usiiweke. EZ80 mwisho wake ni mikrofaradi 50 kwenye kapasita ya kwanza, ukizidisha kila ukiwasha inapigwa mkondo mkubwa wa ghafla, utaona cheche ndani ya kioo mpaka siku ife kweli. Nasikia sana hii ya "weka kubwa mvumo uishe". Kwenye amplifaya ya transista sawa, huku hapana. Dayodi zenyewe sizichukii, kuna siku EZ80 haipatikani na mtu anaziweka pamoja na rezista ya kupunguza kwa mfululizo na kapasita za volti 450, inafanya kazi. Ila siyo dawa ya ugonjwa huu.

Wa pili, wa kuhamisha kichaguzi kwenda 200, huyo naomba umkwepe. Atapandisha volteji ya juu ndiyo, na filamenti pia zitapanda kutoka 6.4 mpaka zaidi ya 7, valvu zako zote sita zitaanza kupunguziwa maisha kwa pamoja. Kwa umeme wa 228 hiyo 220 ni sawa. Kama redio ina nafasi ya 240 au 245 na umeme wako mara nyingi uko 235 kwenda juu, mi ningeihamishia huko baada ya matengenezo. Kwa mwenzetu aliyeko Kenya ambako umeme ni wa 240, hiyo ndo nafasi ya kuiweka tangu siku ya kwanza. Ikiwa chini kidogo haiumii, ikizidi ndo inakufa.

Mvumo. Huo upo tangu unawasha, kabla ya joto, na upo hata sauti ikiwa imefungwa, kwa hiyo hautoki upande wa kupokea stesheni, unatoka kwenye umeme wenyewe. Kapasita kubwa, zile za mkebe wa alumini zenye maji ya kemikali ndani, zinakauka, tenki linakuwa ndoo. Inachangia pia hiyo 238 yako kuwa chini kidogo. Sikiliza mvumo wenyewe: ukiwa wa sauti nene ya chini kabisa, ule wa mara 50, inawezekana nusu moja ya EZ80 au nusu moja ya transfoma haifanyi kazi, ukiwa wa juu kidogo kama nyuki mkubwa ni wa mara 100 na hapo ni kapasita. Kama sikio lako halitofautishi, pima AC kwenye pini 1 na pini 7 za EZ80, kila moja na chasisi, ziwe karibu sawa. Lakini angalia mita yako inastahimili na vidole viko wapi, huko kuna volti 250 za AC au zaidi.

Haya, kazi yenyewe. Tafuta balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, siyo LED, uifunge kwa mfululizo na redio kwenye waya wa moto, ukiwa umekosea mahali balbu itawaka kali na transfoma itapona. Washa mara ya kwanza kila ukibadilisha kitu kupitia balbu hiyo. Volteji zote zitakuwa chini ukipima kupitia balbu, ni kawaida, zile za kweli utapima baadaye ukiwa umeitoa.

Kwanza hakikisha ni kapasita na siyo valvu. Zima, subiri, toa chaji, chomoa EL84. Washa redio, weka mita DC kati ya pini 2 ya soketi na chasisi, subiri dakika kumi. Sifuri ndo unayoitaka. Ukiona volti 2, 5, 10, na zinapanda taratibu, kapasita imekamatwa. Usiiache hivyo muda mrefu, kwa sababu EL84 ikitoka volteji ya juu inapanda sana, inaweza kukaribia 300. Ikiwa sifuri kabisa soketi ikiwa tupu, lakini ukirudisha EL84 gridi inakuwa chanya ikishachemka, basi valvu yenyewe ndo mgonjwa, imeingia hewa kidogo au gridi yake imechafuka, na hapo utanunua EL84. Habari njema ni kwamba EL84 bado zinatengenezwa mpaka leo, wapiga gitaa duniani wanazipenda kwenye amplifaya zao, na ukikuta imeandikwa 6BQ5 ni hiyohiyo kwa jina la Kimarekani.

Kapasita ya gridi weka ya plastiki, thamani ileile iliyoandikwa, volti 630. Haina chanya wala hasi kwa hiyo hutakosea. Kariakoo zipo, Luthuli Avenue Nairobi zipo, na hata runinga za zamani zenye mgongo ukizifungua zimejaa za namna hiyo. Ukishaifungua hiyo redio badilisha na nyingine zote za karatasi na nta, zilizeeka siku moja. Zile ndogo za mika na seramiki kwenye koili za stesheni USIGUSE, hizo kwa kawaida ni nzima na ukizigusa stesheni zitahama.

Kubwa, weka mikrofaradi 47 ya volti 450 mahali pa kwanza na nyingine kama hiyo mahali pa pili. Mkebe wa zamani uache palepale kwa ajili ya sura, ila waya zake zote uzitoe, usiunganishe mpya juu ya mzee anayevuja. Na angalia hasi ya mkebe inakwenda wapi. Kwenye redio nyingi inakwenda chasisi, ila baadhi hasi ya kapasita ya kwanza inapita kwenye rezista ndogo kabla ya kufika chasisi, na mkebe umetengwa kwa karatasi ngumu. Mpya ifuate palepale pa zamani, ukiipeleka chasisi moja kwa moja utaharibu mpangilio. Ukikosea chanya na hasi hapa nayo italipuka, angalia mara mbili. Wapo wanaosema unaweza kuziamsha kapasita za zamani kwa kuzipa volteji polepole kupitia rezista, ni kweli inawezekana, nimefanya, kwa redio ya makumbusho sawa. Kwa redio unayotaka kusikiliza taarifa ya habari kila jioni, weka mpya ulale.

Ukimaliza, baada ya nusu saa ya kuwaka, pini ya 3 iwe volti 7 mpaka 8, volteji ya kwanza ikae 240 kwenda juu na isishuke, na transfoma iwe ya moto unaoweza kuushikilia mkono. Ikiwa pini ya 3 imetulia kwenye 7 na volteji bado iko 200, sasa ndo tumtuhumu EZ80, kwa haki. Usichomeke EZ81 badala yake bila kufikiri, pini zinafanana lakini filamenti yake inakula ampia 1 wakati EZ80 inakula 0.6, unaiongezea mzigo transfoma ambayo imeshateseka.

Na transfoma hiyo ujue kama haijaumia. Chomoa valvu zote pamoja na EZ80, toa na taa za kioo cha stesheni, washa kupitia balbu ile, acha nusu saa. Haina mzigo wowote, inatakiwa iwe vuguvugu tu na balbu isiwake. Ikichemka, au ikinuka vanishi, ndani zamu, ile mizunguko ya waya, zimeshikana na hakuna kapasita itakayosaidia. Hapo mpelekee fundi wa kusuka mota, wapo kila mji, mwenye utaratibu anaweza kuisuka upya, ila apewe iliyo nzima maumbo yake ahesabu zamu, siyo iliyokwisha kuwa mkaa. Na iweke fyuzi ya nusu ampia, ya kuchelewa, kama haina, au kama kuna mtu alishafunga waya wa shaba badala ya fyuzi, maana hilo nalo nimelikuta mara nyingi.

Mtafute fundi wa ana kwa ana, aliyewahi kushika valvu na siyo wa simu, kama: waya za ndani zenye mpira zinapukutika ukizigusa, kama transfoma imefeli hilo jaribio, au kama kwa namna yoyote hujiamini na hizo volti. Hakuna aibu. Na kwa wengine mnaosoma hapa mkiwa na redio tofauti, angalieni herufi ya kwanza ya valvu. Zikianza na U, kama UCH81, UL84, UY85, hiyo kwa kawaida haina transfoma ya kutenganisha, filamenti zimefungwa mstari mmoja na chasisi yenyewe inaweza kuwa na moto wa ukutani kutegemea ulivyochomeka plagi. Haya niliyomwambia mwenzenu kuhusu kubana klipu kwenye chasisi msiyafanye kwenye redio hiyo bila transfoma ya kutenganisha, mpelekeeni anayejua.

Jicho la kijani. Nusu ni tatizo hilohilo, EM80 inakula kwenye ile 172 yako, ikirudi 210 hivi litachangamka kidogo. Nusu nyingine ni uzee, ule unga wa kijani ndani ya kioo unachoka kwa saa za kuwaka, na babu inaonekana aliisikiliza sana hiyo redio. Kama mpaka usiku, taa zimezimwa, bado unaliona linafumba na kufumbua ukizungusha stesheni, liache tu, hizo zimekuwa ghali siku hizi na redio inaimba hata bila jicho.